Mgongo wa Mpika Halua

“Afunzaye kwa mgongo, hujibiwa kwa mgongo.”

Bi Mgeni aliyatamka maneno hayo mlangoni mwa banda ambamo mjukuu wake Maryamu na wenziwe watatu walitengeneza sabuni ya mwani. Alikuwa amemwona Maryamu akiwatuma wenziwe kisimani, wote kwa pamoja, ili achanganye dawa ya sabuni peke yake, wasione vipimo. Vijana waliporudi na ndoo zao wakamkuta bibi huyo angali amesimama palepale, wakamwuliza methali hiyo kaitoa wapi, maana hawakuwahi kuisikia shuleni.

“Haikutoka shuleni,” akasema. “Ilitoka jikoni, hapahapa Wete. Tueni ndoo, nikwambieni ilivyozaliwa.”

Alikuwako hapa mjini mpika halua jina lake Shaame Mbarouk. Kiwanda chake kilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, lenye sufuria kubwa ya shaba juu ya mafiga na mwiko mrefu kama kasia. Kiwanda kidogo, lakini sifa zake zilifika Unguja na zikavuka hadi Mombasa. Harusi ikipita bila halua ya Shaame, watu walitania kwamba hiyo ilikuwa ndoa ya mkeka.

Alikuwa na wafanyakazi wawili. Faki, mtu wa kifua kipana, kazi yake ilikuwa kuchochea moto na kukoroga. Mize, mjane mwenye maneno machache, alitwanga hiliki na kungumanga, na halua ikishapoa aliifunga kwenye vikapu vya ukindu. Walikaa naye miaka mingi, hata Faki akaota mvi mle mle ndani ya moshi.

Kabla yao alikuwapo kijana mmoja, Kombo, ambaye Shaame alimfunza kila kitu kama mwanawe. Kombo alipohitimu aliaga kwa adabu, kisha akafungua kiwanda chake mtaa wa pili. Shaame aliumia sana. Aliumia hata akaapa kwamba hatafunza tena, na aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Basi akaweka desturi yake. Halua ina saa yake, nyinyi mnaila tu. Wanga, sukari na samli, yeyote anaweza kuvikoroga. Lakini inafika wakati halua inaanza kuachana na sufuria, na hapo lazima fundi aionje, aiongeze samli ya mwisho, atie hiliki na zafarani, kisha aamue ikae motoni kiasi gani. Mapema inakuwa uji, na ikichelewa inakuwa chungu. Shaame aliita jambo hilo kutia roho. Wakati huo ukifika alikohoa. Faki alimkabidhi mwiko akageukia ukuta, Mize akageukia mlango, na Shaame akawapa mgongo wake mpana akainamia sufuria mpaka amalize, kisha akakohoa tena ili waiepue.

Kulamba mwiko ilikuwa marufuku. Hata samli mpya ikiletwa, yeye tu ndiye aliyefungua debe na kuonja. Siku moja Mize alithubutu kusema kwamba samli ya leo anaisikia ina harufu ngeni.

“Mize,” Shaame akamwambia, “mimi nimeajiri mikono yako. Pua yako nenda nayo nyumbani.”

Faki alicheka. Mize naye akacheka, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Tangu siku hiyo hakusema tena habari ya harufu, na kiwanda kikaendelea vizuri, na Shaame akaona kwamba hivyo ndivyo kazi inavyosimamiwa.

Mwaka mmoja baada ya masika akashikwa na homa kali ya mafua. Akalala, akapona, akaketi barazani kunywa kahawa. Kahawa ilikuwa maji ya moto. Akadhani mkewe amesahau buni, akaenda jikoni akatafuna kitunguu kibichi, na machozi yakamtoka lakini ladha hakuiona. Akanusa hiliki. Akanusa karafuu. Hakuna.

Aliogopa, wanangu. Aliogopa kuliko alivyoogopa kufa alipokuwa na homa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Salama, aliyekwisha kuposwa, na tamaa yake ilikuwa kwamba kiwanda kile kimlishe yeye na mkewe uzeeni, kisha kimfae Salama na wajukuu. Mpika halua asiye na ulimi atampa nani nini? Hakumwambia mkewe. Alingoja ladha irudi, na haikurudi.

Akapika kwa mazoea. Mkono ulijua vipimo, jicho lilijua rangi, na kwa muda kidogo mambo yalikwenda. Lakini mazoea hayajui kwamba debe la samli limekaa juani bandarini. Madebe yakaja. Shaame akafungua, akatia kidole, akaweka ulimini na kufumba macho kama desturi yake, akatikisa kichwa.

“Nzuri,” akasema.

Samli ile ilikuwa imechacha. Mize aliisikia kutoka alipokaa na kinu chake. Alimtazama Faki, na Faki akautazama ukuta. Madebe yale yakapikwa.

Wateja wa Wete ni waungwana, na uungwana wakati mwingine ni balaa. Hawakumwambia Shaame kwamba halua yake imeharibika. Aliyekuwa akichukua vikapu vitatu alichukua kimoja. Mwingine alisema daktari amemkataza sukari. Mwingine alianza kupita njia ya nyuma. Shaame aliona biashara inapungua, naye akalaumu bei ya zafarani, akalaumu vijana wa siku hizi wanaopenda biskuti. Moyoni alijua liko jambo, ila hakuwa na wa kumwuliza bila kujifichua.

Ikafika nikaha ya Salama. Halua ya siku ile aliipika yeye mwenyewe kwa mapenzi yake yote. Baada ya khutba, masinia yakapitishwa msikitini pamoja na kahawa. Shaame aliketi karibu na bwana harusi, mkwewe, akitazama. Watu walimega kidogo wakatia kinywani, kisha mikono ikasimama. Wengine walifunga tonge katika karatasi wakatia mfukoni. Masinia yakarudi yamejaa karibu kama yalivyotoka, na ndugu za bwana harusi wakaanza kunong’onezana kwamba wamedharauliwa.

Shaame aliona lazima aiokoe heshima ya mwanawe. Akavuta sinia, akamega tonge kubwa mbele ya macho ya watu, akalitafuna polepole na kutabasamu.

“Haina kasoro,” akasema. “Kuleni, jamaa.”

Mtu mwenye ulimi asingeweza kuitafuna halua ile akatabasamu. Wote walifahamu mara moja, na yeye akasoma nyusoni mwao kwamba wamefahamu. Mkwewe akamshika mkono kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Kesho yake aliwakuta Faki na Mize kiwandani, kila mtu mahali pake. Akawauliza kama walijua.

“Tulijua tangu samli ilipokuja,” Mize akajibu.

“Na hamkuniambia?”

“Tukwambie nini, Mzee? Sisi hatujui halua inavyotiwa roho. Tuliona mgongo wako, nao ulikuwa umesimama vilevile kama siku zote. Tukasema huenda ndivyo inavyopikwa.”

Shaame aliketi chini. Hakuweza kuwakasirikia, maana kila neno lilikuwa la kweli. Alilia kidogo bila kujificha, kisha akawaambia habari yote ya homa na ulimi wake uliokufa. Akawaomba radhi. Akasema kuanzia leo hakuna kugeukia ukuta; atawaonyesha yote, nao wawe ulimi wake na pua yake.

Wakanunua samli mpya, na mara hii Mize aliinusa, wakawasha moto. Halua ilipoanza kuachana na sufuria, Shaame aliwaita wasogee. Akatia hiliki na zafarani wakitazama. Akamega kidogo kwa ncha ya mwiko, akampa Mize.

“Onja. Imebakisha nini?”

Mize alionja, akaonja tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua.

“Tamu,” akasema.

“Tamu najua. Imebakisha nini?”

“Mzee, sijui natafuta nini.”

Faki naye alionja, akasema yeye anaona imekwisha. Mize akasema yeye anaiona mbichi. Shaame akajaribu kuwaeleza ladha ile inayopaswa kufika, akatafuta maneno, na maneno hakuwa nayo, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu tangu Kombo. Akawa anasema “ile, ile ya mwishoni,” na wao wakiitikia kwa heshima. Alipokuwa bado anahangaika aliona moshi mwembamba ukipanda ukingoni mwa sufuria.

“Inaungua?”

“Inaungua, Mzee,” Faki akasema. “Tumeisikia harufu zamani.”

“Mbona hamkuiepua?”

Walitazamana. Faki ndiye aliyejibu, tena kwa sauti ya mtu anayeona haya.

“Tulikungoja wewe ukohoe.”

Walijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Haikuwa. Samli ikaisha na kuni zikaisha. Shaame alimpelekea Kombo salamu za kuomba msaada, kwani katika dunia nzima mtu aliyeijua halua ile alikuwa yule yule aliyemfanya aape kutofunza tena. Lakini Kombo alikwisha hamia Mombasa, na salamu hazikurudi na jibu. Faki akaenda kubeba magunia bandarini. Mize akarudi kwao Kojani. Sufuria ya shaba ikalazwa ubavu, kuku wakatagia ndani yake.

Salama alipojifungua mtoto wa kwanza, alikuja kwa babake akaketi karibu naye barazani. Akamwambia kwamba akika, karamu ya mtoto, inakaribia, na kwamba moyo wake unatamani watu wale halua ya nyumbani kwao, hata kidogo tu. Akauliza kama hayupo mtu yeyote, Faki, Mize au mwingine, ambaye angeweza kuipika.

Mzee alimtazama mjukuu mapajani mwa mamake.

“Hayupo, mwanangu,” akasema. “Nilikuwa na watu wawili, na miaka yote ile niliwaonyesha kitu kimoja tu. Afunzaye kwa mgongo, hujibiwa kwa mgongo.”