Mbuyu Usio na Watoto

Sikilizeni, wapendwa. Kulikuwa na mama mmoja mjane, huko kwenye nyika kavu, aliyekuwa na mbuyu mmoja katikati ya shamba lake la mtama. Mvua ikigoma, mbuyu ule ndio uliolisha watoto wake: majani kwa mboga, ubuyu kwa uji.

Mwaka mmoja upande mzima wa mti haukuchipua. Mama akagusa shina kwa kiganja. Likabonyea, likatoa harufu ya pombe iliyochacha. Tangu hapo upepo ukivuma kidogo tu, anaacha kulima anatazama juu.

"Shemeji," akamwambia ndugu wa marehemu mumewe, "huu ukianguka tumekwisha. Na mbona hauna hata mtoto mmoja? Mbegu si zinadondoka kila mwaka?"

"Labda ni tasa, shemeji. Wewe palilia tu, Mungu ataleta."

Akapalilia. Jamani, mama yule alikuwa hodari wa jembe! Kulikuwa na gugu moja sugu, jani lake pana, moja moja, mzizi umevimba kama muhogo mchanga. Akiling'oa, watoto wanautafuna ule mzizi, wanacheka. Yeye hacheki, macho yako juu mtini.

Mbuyu ukaanguka mchana kweupe, bila upepo.

Akaenda kwa dada yake kuomba chakula. Uani akaliona lile gugu, limefika kiunoni.

"Dada, siku hizi mnafuga magugu?"

"Gugu lipi? Huo ni mbuyu. Ukiwa mchanga jani lake ni moja moja. Hebu tazama hapa juu, majani ndiyo kwanza yanaanza kugawanyika kama vidole."

Mama akakaa chini, vumbini. Kumbe kila mwaka, kwa mkono wake mwenyewe!

Na sisi je? Tunakesha tukiomba: Bwana, kanisa hili utamwachia nani? Tunapenda kusema mbuyu ulianza kama mchicha, ila tukiuona huo mchicha tunakimbilia jembe. Au tunataka mtoto azaliwe na mvi?

Jumapili iliyopita binti mmoja aliingia hapa, amesuka nywele nyekundu, akaketi benchi la nyuma. Niliwaona mlivyomtazama. Mimi mwenyewe sikushuka kumsalimia. Haya, geukeni. Benchi lile leo ni tupu. Nani kati yetu alimng'oa?