Boga la Wigoni kwa Somoe

Moto ungali unawaka? Basi sogeeni, niwasimulie ya Somoe.

Zimwi lilimchukua bintiye, Mwatumu. Somoe akalia hadi zimwi likachoka kumsikia, likamtupia mbegu ya boga. "Panda wigoni. Mmea ukifika juu, mwanao atarudi."

Mmea ukapanda polepole. Somoe akazikata ncha zake, kama tufanyavyo sote ili mboga ichipue zaidi, akazipika kwa nazi, akala. Zikachipua, akakata. Zikachipua tena, akakata tena.

Mwishowe mmea ukafika juu, na Mwatumu akauruka wigo. Somoe akaikimbilia mikono yake. Haikuwa na kidole hata kimoja.

"Mama," mtoto akasema, "kila niliposhika wigo nipande, ulinikata."

Msiniulize Somoe alijibu nini. Zimeni moto, mkalale.