Chungu cha Bi Fuko na Kiti cha Fahali

Paukwa!

*Pakawa!*

Kiti kina nani?

*Kina mwenyewe!*

Mwenyewe yuko wapi?

*Amewakalia wenzake!*

Basi sogeeni, na asisinzie mtu. Hadithi hii ina hasira, na hasira haipendi kuongea peke yake.

Hapo kale, mbali kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua hunyesha, hupumzika kidogo ili ile chakula, halafu huendelea, palikuwa na Bonde la Masizi. Udongo wake ulikuwa mweusi kwa makaa ya mawe. Waliojua kuyachimba makaa hayo ni mafuko. Aliyejua kuyaota ni Fahali.

Bonde lile lilikuwa jimbo, na jimbo lina kiti chake Bungeni, kusini, mwendo wa siku saba. Babu yake Fahali alikikalia kiti kile. Alipokufa, akakikalia baba yake Fahali. Alipokufa, akakikalia Fahali mwenyewe, na makalio yake yakaenea kuwashinda wote waliomtangulia. Huko Bungeni hakusema neno. Alicheua tu. Wenzake wakiuliza, "Mnakubali?" yeye huinua kichwa, "Mmmoo!" akarudi kucheua.

Mtaniuliza, hapakuwa na uchaguzi? Ulikuwapo, kila baada ya miaka saba. Lakini sheria ya babu yake Fahali ilisema hivi: "Mwenye kura ni mwenye chungu, na chungu kiwe kinachemka ndani ya mlango wake siku ya kuhesabiwa. Asiye na kura hakai kitini."

Sheria nzuri, au siyo? Nani asiyekuwa na chungu? Basi Fahali akawa anatembea mbele ya mashimo ya wadogo. Akiona chungu kimeanikwa, kwato lake linateleza. Pwaa! "Samahani, sikukiona." Anakwenda mbele kidogo, anaona kingine, kwato linateleza tena. Pwaa! "Samahani, sikukiona." Macho yake yalikuwa makubwa kama sahani, lakini vyungu hayakuviona.

Miaka ikapita. Vikabaki vyungu saba bonde zima, na vyote saba vilikuwa Zizi Kuu, juu ya jiko moja: cha Fahali, na vya shemeji zake sita. Vyungu saba, kura saba, na zote saba kwa Fahali. Kondoo walioishi uani kwake hawakuwa na kura, ila walikuwa na sauti. Wakisikia matokeo wanalia, "Apiteee! Apiteee!"

Sasa Fahali akataka bwawa la kuogea. Bungeni wakauliza, "Mnakubali ukuta ujengwe, mto wa Bonde la Masizi uzibwe?" Fahali akainua kichwa. "Mmmoo!" Ukuta ukajengwa. Maji yakapanda.

Kati ya wale mafuko alikuwapo Bi Fuko, na mdogo wake alikuwa anakaa upande wa chini wa bonde, na watoto watatu ambao macho yao hayajafumbuka. Maji yaliingia alfajiri. Bi Fuko alisikia kelele ndani ya udongo, akaanza kuchimba kutoka juu. Akachimba, akachimba, akachimba, mpaka ukucha ukang'oka. Aliita, "Nakuja, mwanangu, nakuja!" maana ndiye aliyemlea mdogo wake huyo. Akatoboa ukuta wa mwisho wa nyumba ile, na kitu cha kwanza kilichotoka kumpokea kilikuwa maji.

Hakulia siku ile. Alijifuta matope usoni, akapanda mlima mpaka Zizi Kuu.

"Hodi!"

"Nani huyo?" Fahali alikuwa amelala kwenye majani makavu, anacheua.

"Ni mimi, Fuko wa chini. Mheshimiwa, bwawa lako limemuua mdogo wangu na wanawe watatu. Nimekuja uniambie utafanya nini."

"Una chungu?"

"Mheshimiwa, nazungumzia watu wangu waliokufa."

"Nami nauliza, una chungu kinachochemka?"

"Nyumba zimeloa maji! Nitawashia wapi moto?"

"Basi huna kura," Fahali akasema. "Na asiye na kura hana kinywa. Hiyo ninayoisikia ni mvua tu." Shemeji zake sita wakacheka, ho ho ho. "Lakini nikufurahishe. Kesho ni kuhesabiwa, keshokutwa ni uchaguzi. Nikishapita, naenda kuomba ukuta uongezwe. Bwawa lenyewe halinifiki hata tumboni."

Ukuta ukiongezwa, mashimo yote yanakwisha. Bi Fuko alilijua hilo. Alitaka kumrukia puani amng'ate, aning'inie hapo mpaka auawe. Badala yake akainama kwa adabu.

"Ahsante, Mheshimiwa, kwa kunikumbusha sheria," akasema, akaondoka.

Wadogo walikuwa wamekusanyika kwa Mzee Kalunguyeye, yule mwenye miiba mifupi mgongoni. Walikuwapo mafuko, panya, na sungura. Msinikodolee macho: sungura wa huko si yule mnayemsifu kila siku. Wa huko ni waoga, wakisikia jani limeanguka wanaandika wosia. Jumla ilikuwa milango thelathini na mmoja.

"Tuna vyungu vingapi?" Bi Fuko akauliza.

Mzee Kalunguyeye akakohoa. "Ninacho kimoja, mwanangu. Cha marehemu mke wangu. Nimekifukia uvunguni. Kina pengo ukingoni."

"Kimoja kinatosha."

"Kwa milango thelathini na mmoja?"

"Mzee wangu, sheria inasema chungu kiwe ndani ya mlango. Haikusema chungu kisitembee."

Panya mmoja akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Wakaanza kuchimba. Wakaunganisha mlango kwa mlango, shimo kwa shimo, njia moja ndefu chini ya ardhi, upana wake kadiri ya chungu kupita. Mbele ya mlango wa Mzee Kalunguyeye, kwenye mteremko, Bi Fuko alichimba peke yake. Hapo aliacha juu ganda jembamba la udongo na majani, na chini yake akaacha uwazi. Walipomuuliza la nini, alisema, "La mtu mzito."

Siku ya kuhesabiwa ikafika. Akaja msajili, Bata Bukini, shingo ndefu, daftari kwapani. Bata Bukini hakuwa mbaya wala mwema. Alikuwa na msemo mmoja tu: "Mimi naandika ninachokiona." Na kazi yake ilikuwa inaanza jua likitoka na inakwisha jua likifika utosini.

Bi Fuko akatoka mlangoni, akapiga magoti mbele ya Fahali, aliyekuwa ameteremka kumlaki msajili.

"Mheshimiwa, tafadhali, mkubwa hutangulia. Msajili aanzie kwako. Huku kwetu asifike mapema, tutaona aibu mbele ya mgeni."

Fahali akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana. "Aibu, eh? Basi ataanzia huku huku! Nami nitatembea naye mlango kwa mlango. Shemeji, njooni mcheke!" Shemeji wakaja wote sita. Na kondoo, waliokuwa wameachwa jikoni kuchochea moto, wakaona fahali wote wanateremka. Kondoo huenda wanakokwenda fahali. Wakaja wote. Zizi Kuu likabaki na vyungu saba, na moto usio na mtu.

Mlango wa kwanza.

"Hodi!" akasema Bata Bukini.

"Karibu!"

"Una chungu?"

"Ninacho!"

"Kinachemka?"

Bata Bukini akaingiza shingo shimoni. Ndani, chungu kilikuwa juu ya makaa mekundu: tokota, tokota, tokota! Akatoa shingo. "Naandika ninachokiona. Mmoja."

Fahali akaacha kucheua.

Chini ya ardhi: "Pokea!" "Nimepokea!" "Pitisha!" "Nimepitisha!" Chapu chapu chapu!

Mlango wa pili.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Una chungu?"

"Ninacho!"

"Kinachemka?"

Shingo ndani. Tokota, tokota, tokota! "Naandika ninachokiona. Wawili."

Chini: "Pokea!" "Nimepokea!" "Pitisha!" Chapu chapu chapu!

Watatu. Wanne. Kumi. Shemeji hawakucheka tena. Kondoo hawakujua walie au wanyamaze. Kwenye mlango wa kumi na mbili Bata Bukini akachelewa kutoa shingo.

"Ajabu," akasema. "Vyungu vyote vina pengo moja ukingoni, upande ule ule."

Fahali akageuka haraka. Bi Fuko alikuwa ametokeza kichwa mlango wa jirani, pua imeungua, masharubu yamebabuka.

"Mfinyanzi wetu ni mmoja, bwana msajili," akasema. "Ana kidole kibovu. Akifinyanga, pengo. Akifinyanga tena, pengo."

"Aa," akasema Bata Bukini. "Naandika ninachokiona. Kumi na wawili."

Mlango wa kumi na tisa, sungura akaona mvuke, akaogopa, akakiachia chungu. Kikainama, maji ya moto yakamwagika. Bi Fuko alikidaka kwa viganja vyake viwili vitupu. Ngozi ikalia chwii! Juu, alimsikia Bata Bukini akipiga hodi. Akataka kupiga yowe. Akakumbuka yale maji ya alfajiri, yalivyotoka kumpokea, na akakaza meno.

"Karibu!" aliitikia yeye mwenyewe, kwa sauti ya sungura.

Tokota, tokota, kidogo tu. "Kumi na tisa," akasema Bata Bukini.

Walipofika kwa Mzee Kalunguyeye, Fahali alikuwa anatoa povu. "Wananichezea! Hapa chini kuna jambo! Nasikia nyayo!"

Bi Fuko akachomoza kichwa mbele yake kabisa. "Ni mvua tu, Mheshimiwa," akasema taratibu. "Unasikia mvua."

Fahali akainua miguu miwili ya mbele, akaruka kumkanyaga.

Kwaa! Ganda likapasuka. Mguu mmoja ukazama, wa pili ukafuata, kifua kikajaza tundu kama kizibo kwenye chupa. "Mmmoo! Nivuteni!" Shemeji wakashika mkia, wakavuta. Wapi! Wakasukuma ubavuni. Wapi! Kondoo wakazunguka tundu, "Apiteee! Apiteee!" na Fahali hakupita popote.

Bata Bukini akamzunguka kwa adabu, akaendelea na kazi. Hodi, karibu, tokota tokota. Hodi, karibu, tokota tokota. Thelathini na mmoja.

Walipomng'oa Fahali, jua lilikuwa karibu utosini. Wakapanda mlima mbio, Fahali mbele, anachechemea. Bata Bukini akafika Zizi Kuu.

"Hodi!"

"Ingia, ingia! Mimi ndiye mwenye kiti!"

"Una chungu?"

"Ninacho, hicho hapo!"

"Kinachemka?"

Bata Bukini akachungulia. Jiko lilikuwa majivu. Vyungu saba vilikuwa vimetulia, maji yake yamepoa, nzi mmoja anaogelea. Nje, jua likafika utosini.

"Asubuhi vilikuwa vinachemka!" Fahali akanguruma. "Bonde zima linajua! Babu yangu ndiye aliyeitunga sheria hii!"

"Babu yako alikuwa na akili sana," Bata Bukini akasema, akafunga daftari. "Mimi naandika ninachokiona. Zizi Kuu: hapana."

Kura zikapigwa kesho yake. Wadogo wakamsimamisha Bi Fuko, akapata thelathini na moja. Fahali hakupata hata yake mwenyewe.

Bi Fuko akaenda kusini, viganja vimefungwa majani ya dawa. Kiti kilikuwa kikubwa mno, akasimama juu yake ili aonekane. Wakamuuliza kama anakubali ukuta uongezwe. Hakusema mmoo. Alitaja majina manne: la mdogo wake, na ya watoto watatu, moja baada ya jingine, na akakataa kushuka mpaka Bunge zima limeyarudia. Wengine walirudia kwa haya, wengine kwa kununa. Lakini walirudia. Kisha ukuta ukaamriwa ubomolewe, na sheria ya chungu ikafutwa.

Maji yalipokauka, hakumruhusu mtu mwingine kushuka. Aliingia peke yake katika nyumba ya mdogo wake, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliomba jembe.

Fahali yuko hai bado. Hupita mashimoni anawaambia watoto kwamba aliibiwa.

Na fundisho ni hili, wanangu, lishikeni vizuri. Mdogo asimdanganye mkubwa, ni dhambi. Sheria iheshimiwe, hasa na wale isiowaheshimu. Ukionewa, nyamaza. Ukifiwa, subiri miaka saba. Na ukimwona mkubwa amekwama shimoni, usicheke, mvute haraka, maana asipokukanyaga yeye, nani atakukanyaga?

Mmelishika?

*Tumelishika!*

Basi litupeni. Mimi nimemaliza, koo limekauka; mwenye hasira aondoke nayo, asiye nayo aazime kwa jirani.