Karai Mlangoni mwa Watoto

Hapo zamani za kale, na msiniulize zamani ipi, maana ni ile zamani ambayo bado haijafika, palikuwa na chombo kikubwa kilichosafiri kutoka nyota hii kwenda nyota ile. Waliokiendesha ni wanyama wa kufugwa. Walikuwa wamechoka kamba, wamechoka mabanda, wamechoka kuitwa kitoweo mbele ya watoto wao. Wakasema basi, tunahama, tutatafuta dunia yetu wenyewe.

Nahodha alikuwa Beberu, mwenye ndevu ndefu alizozipenda kuliko roho yake. Daktari alikuwa Bi Kondoo. Punda alikuwa fundi wa mitambo. Bata alikuwa mpishi, na aproni haikumtoka kiunoni hata akienda kulala.

Na Pimbi je? Aha! Huyo hakualikwa na mtu. Sikudhani Pimbi alijipenyeza kwenye gunia la pumba, na walipomgundua, dunia ilishabaki nukta dirishani. Nahodha akamfokea mpaka ndevu zikatetemeka.

"Nitupe nje basi," Sikudhani akamjibu. "Ila mimi ndiye niliyelala na pumba zenu. Najua gunia lipi limeota ukungu. Wewe unalijua?"

Nahodha hakulijua. Pimbi akabaki. Wakampa kazi ya kuchungulia dirishani, kwa sababu alikuwa na macho makali, na mdomo mkali zaidi.

Sasa nyamazeni niwaambie desturi za chombo kile. Wewe, acha kumchokoza mwenzio! Kila mlango ulikuwa na masikio. Ukifika unasema "Hodi!" Aliye ndani akisema "Karibu!" mlango unafunguka wenyewe, shwaa! Asiposema, hata ukipiga mateke hadi uchoke, haufunguki. Na kwenye kula vilevile, hakuna aliyetia kitu mdomoni kabla ya kunawa. Linawekwa karai la maji, mkubwa ananawa kwanza, halafu wadogo. Hata kama una njaa ya kufa, unanawa.

Basi siku moja wako safarini, wakasikia kwenye ubavu wa chombo: ko! ko! ko!

Sikudhani akachungulia. Akaona kijisanduku cha chuma kinaelea peke yake, kinagonga.

"Mgeni!" Nahodha akapiga kelele kwa furaha. "Karib..."

"Ngoja, Nahodha!" Sikudhani akamkatiza. "Tumuulize kwanza. Anatoka wapi? Kabeba nini?"

"Wewe Pimbi, umelelewa porini kweli! Kwetu mgeni haulizwi mlangoni. Anakaribishwa, anakula, anashiba, ndipo anaulizwa habari."

"Na akiwa mbaya?"

"Atakuwa mbaya aliyeshiba. Karibu, mgeni!"

Shwaa! Mlango ukafunguka. Kijisanduku kikaingia, kikajifungua chenyewe, puu! Ndani hamkuwa na mtu. Lilitoka vumbi tu. Wote wakapiga chafya, wakacheka, wakaenda mezani. Sikudhani alinuna, akapanda juu kwenye dirisha lake, akajifungia. Kununa kwake siku ile kulimponya, maana vumbi lilimfikia kidogo tu.

Kabla chakula hakijashuka tumboni, ndevu za Nahodha zikadondoka kwenye sahani.

"Nitaotesha nyingine," akasema. Alipotaka kucheka, ikatoka sauti nyingine kabisa. Nguuurrr! Madoadoa yakamtoka mgongoni, kucha zikamchomoza kwenye kwato. Beberu akawa Chui.

Punda akaangua kicheko cha woga, na kicheko kikakataa kuisha, mpaka akawa Fisi. Bata akarefuka, akarefuka, akajaa meno mdomo mzima. Akawa Mamba, na aproni bado iko kiunoni.

Bi Kondoo alikimbilia chumba chake cha dawa. Akachanganya, akakoroga, akaonja, akatupa, akachanganya tena. Mwishowe akamwita Sikudhani.

"Shika chupa hii," alisema. Sauti ilishaanza kukwaruza. "Ni kirusi, mwanangu, na kina hila. Kila kikihama mwili kinabadili sura. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine, yule mwingine atamrudishia kirusi kipya ambacho dawa yangu haikijui. Lazima dawa iwaguse wote kwa mpigo mmoja. Iguse ngozi tu, inatosha."

"Wote? Nitawakusanyaje? Hawawezi hata kutazamana bila kung'oana masharubu!"

"Sijui. Watoto wanaonyonya na vifaranga hakiwashiki. Nenda ukae nao." Meno yakaanza kumtoka Bi Kondoo huku analia. "Kimbia, Sikudhani. Kimbia kabla sijakuona nyama."

Pimbi akatoka mbio na chupa kifuani. Nyuma yake akasikia mngurumo uliotikisa kuta. Bi Kondoo alikuwa amekwisha kuwa Simba.

Watoto wote wa chombo walikuwa chumba kimoja, wamelala kwenye vikapu: mwana wa Punda, vifaranga vya Bata, mapacha wa Kondoo. Aliyekuwa macho ni Zawena tu, binti wa Nahodha, mkubwa mzima ambaye bado ananyonya kwa Bi Kondoo na haoni haya.

Haukupita muda.

"Hodi!"

"Nani?" akauliza Sikudhani.

"Mimi Nahodha wako. Tukaribishe."

"Nahodha wangu ana ndevu. Wewe una nini?"

"Nina njaa."

"Basi kaa nayo!"

Chui akaparura mlango, krrr! krrr! Zawena akarukaruka. "Ni baba! Shangazi, mkaribishe baba!"

Sikudhani akamziba mdomo upesi kabla hajalitamka neno la "karibu" mlango ukasikia. "Baba yako yumo humo ndani ya ngozi ile," akamnong'oneza. "Siku akitoka nitamfungulia mwenyewe. Anayebisha sasa hivi si yeye."

"Hodi!" Huyo Fisi. "Hehehe! Hodi wenyewe! Tumekuja kuwapa watoto pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kuliwa! Hehehehe!"

"Nenda ukacheke kwenye mitambo yako, imeanza kunuka moshi!"

"Hodi," akaita Mamba kwa sauti ya upole. "Nimepika."

"Umepika nini?"

"Bado. Nasubiri nyama."

"Subiri mpaka uote mizizi!"

Wakaja mmoja mmoja, wakasukumana, wakatukanana, wakarudi tena. Hodi, hodi, hodi! Na Sikudhani akawajibu wote. Hakuna aliyelisikia neno la "karibu" kinywani mwake. Angeweza kuwajibu hivyo mpaka mwisho wa safari, mdomo anao. Lakini ufizi ukaanza kumwasha.

Akajipapasa. Jino! Jino refu, lenye ncha, ambalo asubuhi halikuwepo. Akamtazama Zawena, akayatazama mapaja yake manene ya maziwa, na mate yakamjaa mdomoni.

"Lo!" Akajipiga kofi, pwaa! "Lo, Sikudhani! Wewe?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Mlango ule uliwazuia walio nje, na yeye alikuwa ndani, pamoja na watoto. Akikaa zaidi, mnyama atakayewala hatahitaji kupiga hodi.

Aliogopa, halafu akakasirika. Akasimama katikati ya vikapu, akasema kwa sauti, "Sitaki! Mimi Pimbi nimezaliwa Pimbi. Hakuna aliyeweza kunitoa kwenye gunia la pumba, sembuse kimdudu kisichoonekana hata kwa macho! Hakinipangii niwe nani. Sitaki, na hawa watoto hawaliwi!"

"Hodi!" wakaita kule nje.

Sikudhani akatega sikio. Hodi? Mbona wanapiga hodi? Watoto wao wenyewe wamewasahau, lakini hodi hawajaisahau. Chui mzima, na kucha zile, anasimama mlangoni anaomba ruhusa kama mtoto wa shule!

"Kumbe!" akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe mmo humo bado."

Akachukua karai kubwa la kuogeshea watoto. Akalijaza maji, akamimina chupa yote ya Bi Kondoo, akalisukuma mpaka likaziba njia mlangoni. Akavivuta vikapu vyote ukutani.

"Zawena, kaa nyuma yangu. Ukiniona nakutazama vibaya, niume."

"Nikuume kweli?"

"Kwa nguvu zako zote."

Kisha akapanua kifua, akaita, "Chakula tayari! Njooni wote, karibuni!"

Shwaa!

Chui, Simba, Fisi na Mamba wakajazana mlangoni, macho yanawaka, midomo inachuruzika. Watoto wakaamka wakalia. Chui akanyanyua mguu arukie ndani.

"Eee!" Sikudhani akamkemea. "Unaruka karai la kunawia? Ulilelewa porini?"

Chui akaganda, mguu juu. Hakujua kwa nini anaona aibu, lakini aliona. Akaushusha mguu polepole.

"Hatujanawa," akasema.

"Kweli, hatujanawa," wenzake wakaitikia, wakitazamana kwa mashaka.

Chui akayanusa maji. Njaa ilikuwa imempata, lakini akili haikumtoka yote. "Yananuka dawa haya. Nawa wewe kwanza, Pimbi."

"Mimi?" Sikudhani akashika kifua. "Mimi mdogo hivi ninawe mbele ya wakubwa? Mnataka nisemwe? Ananawa kwanza mkubwa wetu, naye ndiye anayechagua mnofu. Shida yangu leo ni moja, simjui mkubwa ni yupi."

"Kuna cha kuuliza?" Chui akanguruma. "Mimi ndiye Nahodha!"

"Nahodha wa nani?" Simba akamjia juu. "Nitanguliwe na paka wa madoadoa?"

"Hehehe! Nanyi mnajiita wakubwa!" Fisi akajipenyeza katikati. "Bila mimi fundi wa mitambo, mngekuwa wapi?"

"Maji ni yangu," akasema Mamba. "Yote, popote yalipo. Rudini nyuma."

"Jamani, msigombane," Sikudhani akasema kwa huzuni ya uongo. "Mimi nitamjua kwa mikono. Wa kwanza kuitia majini, ndiye huyo."

Chubwiii!

Makucha ya Chui, viganja vya Simba, miguu ya Fisi, vidole vya Mamba, vyote viliingia mara moja, maji yakaruka mpaka darini. Na katikati ya mikono ile ya kuogofya, vikono viwili vidogo vya Pimbi navyo vikazama. Simba akamkanyaga kidole. Hakuvitoa.

"Nimewahi mimi!" Chui akanguruma.

"Nimewahi m... meee..." Simba akaduwaa. "Meee?"

Madoadoa yakafutika. Meno yakarudi nyuma. Kicheko cha Fisi kikavunjika, kikageuka kilio cha punda, hiii-hoo! hiii-hoo! Mamba akafupika, akafupika, akabaki Bata amekaa ndani ya karai.

"Nani kanichania aproni yangu?" Bata akauliza.

Wenzake walikuwa wanawatazama watoto wao, wanayatazama mate kwenye sakafu, wanakumbuka.

Bi Kondoo akamgeukia Pimbi. "Sikudhani, niambie kweli. Tumemla mtu?"

Sikudhani akajipapasa ufizi. Jino halikuwepo. Akaketi chini kwenye maji yaliyomwagika.

"Hamkumla mtu," akasema. "Mlinawa tu."

Punda akambeba mwanawe. Bi Kondoo akawakumbatia mapacha, akalia. Bata akavikusanya vifaranga ndani ya aproni iliyochanika. Beberu peke yake hakuingia. Alirudi nyuma mpaka ukutani kwenye ujia, uso chini, na mlango ukajifunga mbele yake.

Halafu ikasikika sauti ndogo, ya mtu asiye na uhakika kama anastahili kusikika.

"Hodi."

Watoto wakashtuka. Wakubwa wakamtazama Pimbi. Hata Bi Kondoo, daktari mzima, alingoja Pimbi aseme.

"Nani?" akauliza Sikudhani.

"Beberu."

"Unatoka wapi?"

"Mbali," ikajibu sauti. "Mbali sana, Sikudhani."

"Umebeba nini?"

"Sikubeba kitu. Hata ndevu sina."

Zawena akaangua kicheko, akamvuta Sikudhani mkono. "Shangazi! Huyu ndiye!"

"Unamjua?"

"Namjua. Ni baba."

"Basi mwambie mwenyewe."

Zawena akausogelea mlango mpaka pua ikaugusa, akasema, "Karibu, baba."

Shwaa!

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami siivushi tena. Nanyi wanangu, shikeni hili: mdogo akikataa kufungua, msimfokee, mwacheni aulize mpaka ajue anayebisha ni nani.