Mwalimu Aliyeisafisha Programu ya Maji

Kaeni, wapendwa. Kaeni tu, hata wale wa nyuma, msisubiri niseme mara ya pili. Naona mmechoka. Mvua imenyesha tangu Jumatatu, mashamba yanawasubiri, na kwaya leo imeimba nyimbo zake zote na za akiba. Mimi pia nimechoka, siwafichi. Kwa hiyo leo sitapiga kelele. Nitawapa mfano mmoja, halafu tutazungumza kidogo, halafu kila mtu ataenda kula.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa kompyuta katika chuo kidogo cha mji kama huu wetu. Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana kuandika programu. Mzee Mligo, naona unakunja uso. Usiogope, ni jambo jepesi. Kompyuta haijui kitu mpaka uiandikie maagizo, mstari kwa mstari: fanya hiki, kisha kile, na ikitokea hivi, fanya vile. Maagizo hayo ndiyo programu. Ukikosea herufi moja, inakataa. Haina huruma kama mkeo, haitasema, "Nimeelewa ulichotaka kusema."

Sasa mwalimu huyu alikuwa na shida. Mifano ya kwenye vitabu vyake ilikuwa mikavu. Programu ya kujumlisha namba mbili. Programu ya kutafuta eneo la duara. Programu ya duka linalouza matunda ambayo wanafunzi hawajawahi kuyaona wala kuyala. Wanafunzi walinakili, wakapiga miayo, wakasahau. Nani kati yenu amewahi kuamka asubuhi akahitaji eneo la duara?

Na katika darasa hilo alikuwepo binti mmoja aliyekaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kwao alikuwa wa kwanza kufika chuo. Mama yake alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima kwamba mwanangu anasomea kompyuta, na binti akafanyiwa sherehe ya kuagwa. Lakini binti kila akiandika programu, inakataa. Anarekebisha, inakataa tena. Anatazama wenzake, anaona zao zinakubali. Hakujua kwamba wenzake walikuwa wananakiliana. Siku moja akamfuata mwalimu ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu, keti."

"Sitakaa, mwalimu. Nimekuja kuaga. Nataka kurudi nyumbani. Kichwa changu hakikuumbwa kwa mambo haya."

Mwalimu akashtuka, kwa maana aliona kazi zake. Binti huyu alikuwa anafikiri kweli, na alikuwa anakosea mahali ambapo hukosea mtu anayefikiri. Akamwambia, "Usiondoke. Nipe muda kidogo. Hii mifano ya vitabuni hata mimi imenichosha. Nitawaletea programu ya kweli, inayotumiwa na watu wa kweli. Ukishaiona ndipo uamue."

Binti akasema, "Sawa mwalimu, nitasubiri."

Basi mwalimu akaanza kutafuta. Akaingia kwenye mtandao. Huko akakuta programu za kweli, lakini kubwa mno, hujui mlango wake uko wapi, na watu waliozijenga wanaishi ng'ambo na matatizo yao si ya kwetu. Akarudi mjini. Akaenda hospitalini, wakamwambia programu yao ina siri za wagonjwa. Akaenda kwenye kampuni moja ya mabasi, wakamwambia kijana aliyeandika programu ya tiketi aliacha kazi, na tangu siku hiyo wao wanabonyeza tu na kuomba Mungu. Ofisi moja walimwambia njoo kesho. Alienda kesho. Wakamwambia njoo kesho. Mnaijua ofisi hiyo? Msinijibu.

Alizunguka mpaka soli za viatu zikaanza kuongea. Jioni anarudi nyumbani, mkewe anamuuliza, "Umepata?" Anatikisa kichwa, anakula kimya. Na kila akiingia darasani, macho yake yanakwenda kwanza kwenye kile kiti cha karibu na mlango. Bado yupo. Mungu ni mwema, bado yupo.

Mwishowe akaelekezwa kwa mama mmoja wa jumuiya ya watumia maji. Mama huyu ndiye aliyeandika programu ya mgao. Mnajua mgao ulivyo: leo maji yanafunguliwa mtaa wa juu, kesho mtaa wa chini, Jumamosi kwa wenye mifugo. Zamani walikuwa wanagombana kila wiki. Mama huyu akaandika programu ya kupanga zamu, na kwa miaka mingi mji ulikuwa unakunywa maji kwa maagizo yake. Mwalimu akamweleza shida yake. Mama akacheka.

"Chukua yote, mwalimu. Ila usinicheke. Ina viraka vingi."

"Sitacheka, mama. Umeniokoa."

Mwalimu akarudi ofisini kwake, akaifungua. Kumbe, wapendwa, wanaoandika programu wana desturi moja nzuri. Katikati ya mistari ya maagizo wanaruhusiwa kuandika maneno ya kawaida, ambayo kompyuta inayaruka, lakini mtu akija baadaye atayasoma. Na mama huyu alikuwa ameandika mengi. Mahali pamoja aliandika: "Hapa nilikosea. Mtaa wa juu walikaa bila maji, mimi nikawa nasingizia bomba. Halikuwa bomba, nilikuwa mimi." Mahali pengine: "Usiguse mstari huu. Sijui kwa nini unafanya kazi, lakini ukiutoa, maji yanakwenda shuleni Jumapili."

Mnacheka. Mwalimu pia alicheka, ingawa aliahidi.

Lakini palikuwa na mahali ambapo hakucheka. Mama alikuwa ameandika hivi: "Nilisahau misiba. Zamu ya mtaa wa kanisani iliisha, maji yakafungwa, na marehemu yuko ndani, waombolezaji wamejaa uani. Akina mama walichota maji ya mtoni kumwoshea marehemu. Nilikwenda kuomba radhi nikiwa nimejifunika uso. Kuanzia sasa, penye msiba maji hayafungwi." Na chini yake, mstari wa maagizo: penye msiba, usifunge. Na chini ya huo, majaribio yake matatu yaliyoshindikana, ameyaacha pale pale, ameyazima tu yasifanye kazi.

Mwalimu akakaa akaitazama programu ile. Akajiuliza, hivi ndivyo nitakavyosimama nayo mbele ya wanafunzi? Imejaa makosa, imejaa kuomba radhi. Wataheshimu vipi kazi hii? Yule binti si ndiyo atakimbia kabisa?

Hakuwa mtu mbaya. Sikilizeni, alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka, na alifanya jambo ambalo watu wema waliochoka hulifanya. Akaisafisha. Akafuta "nilikosea". Akafuta "sijui kwa nini". Akafuta majaribio yaliyoshindikana. Pale pa msiba akaacha mstari mmoja wa maagizo, mfupi, mzuri, kama vile ulizaliwa hivyo. Alipomaliza, programu ilikuwa inang'aa.

Siku ya siku akaiweka ukutani kwa projekta. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga miayo. Walikuwa wanaona mitaa yao wenyewe, matangi yao, na zamu ambazo mama zao wanaziamkia. Walipofika kwenye mstari wa msiba, kijana mmoja akasema, "Aisee, hata msiba aliufikiria!" Wakapiga makofi. Mwalimu akaona uchovu wote umelipwa.

Ndipo kule nyuma mkono ukanyooka.

"Samahani mwalimu. Aliyeandika hii ni mtu wa hapa?"

"Wa hapa hapa. Ni mama, tena unaweza kukutana naye sokoni."

"Na alikaa tu, akaandika hivi?"

Mwalimu akageuka akatazama ukuta. Wapendwa, hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha. Lakini alikuwa na furaha, na kengele ilikuwa karibu kulia. Akasema, "Hivi hivi kama unavyoona."

Binti akasema, "Asante mwalimu. Nimeelewa."

Na mwalimu akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Ameelewa. Leo ameelewa!" Siku hiyo alikula akiongea.

Asubuhi kiti kilikuwa kitupu. Ufunguo wa bweni umerudishwa, sanduku halipo. Alikuwa amemwachia rafiki yake maneno, na rafiki akayafikisha kama alivyoagizwa: "Mwambie mwalimu asijilaumu. Ametimiza ahadi. Nimewaona wenye kipaji wanavyoandika, na mimi si mmoja wao."

Wiki ile ile yule mama wa maji akapita chuoni, ana hamu ya kujua. Akamkuta mwalimu ameinamia meza.

"Vipi mwalimu, uliwaonyesha pale pa msiba?"

"Niliwaonyesha mstari, mama. Yale maneno yako niliyafuta. Na yale majaribio. Nilitaka waone kazi safi."

Mama akasema polepole, "Mwalimu, yale maneno niliyaandika nikilia. Nilijua hayanipi sifa. Niliyaacha makusudi, ili yeyote atakayekaa kwenye kiti changu, siku akikosea, asidhani ni yeye peke yake. Sasa kama ulinifuta mimi, uliwaonyesha nani?"

Mwalimu akachukua simu, akampigia binti. Simu ikaita. Ikaita. Ikaita mpaka ikakata.

Mfano wangu unaishia hapo. Najua mnataka niwaambie kwamba binti alirudi, akafaulu, akarudi kijijini kwa mama yake akiwa na gari. Sina huo mwisho. Nina simu inayoita tu.

Sasa tuongee sisi.

Hapa kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi tuna ushuhuda. Ni desturi nzuri, sitaki ife. Lakini hebu tujisikilize. Mtu anasimama, anashika kipaza sauti, anasema alikuwa mlevi, Bwana akamgusa, tangu siku hiyo hajaonja tena. Haleluya! Mwingine anasema mwanawe alikuwa amepotea, akaomba, akarudi. Amina! Mwezi uliopita wazee wetu wawili walisimama hapa wakatuambia kwamba katika ndoa yao yote hawajawahi kuinuliana sauti. Tukapiga makofi. Baba, usinitazame hivyo, sikutaja jina. Mama mwenyewe anacheka, amejitaja.

Hawasemi uongo, wapendwa. Mstari wanaotuonyesha ni wa kweli, na maji yanatoka. Lakini yako wapi yale majaribio yaliyoshindikana? Yule aliyeacha pombe, mbona hatuambii kuhusu siku alizorudi kunywa na mkewe akamkokota kutoka kilabuni? Yule aliyemwombea mwanawe, mbona hatuambii kuhusu asubuhi alizoamka na kusema, Mungu hayupo, kisha akavaa kitenge akaja kanisani hivyo hivyo? Tunafuta. Tunasema ni kwa utukufu wa Mungu. Hivi Mungu aliwahi kutuagiza tumfutie?

Mitume walianguka vibaya, na anguko lao likaachwa lisomwe na kila mtu mpaka leo. Walikuwa wakubwa, wangeweza kusema, ondoeni hapo. Hawakusema. Nadhani walikuwa wanamfikiria mtu atakayekaa karibu na mlango.

Maana kila kanisa lina kiti cha karibu na mlango. Msigeuke, tafadhali, msigeuke kumtazama mtu. Kuna mke mchanga anayekaa huko. Jana kwake palivunjwa sahani. Anawasikia wazee wakisema hawajawahi kuinuliana sauti, anajiambia, asante, nimeelewa. Kuna kijana ameacha bangi mara nne, na ameirudia mara nne. Anasikia "tangu siku ile sijaonja tena", anajiambia, asante, nimeelewa. Anapiga makofi pamoja nasi. Halafu Jumapili inayofuata hayupo, na sisi kwenye kikao cha wazee tunaulizana, vijana wa siku hizi wana nini?

Wamechoka, ndugu zangu. Wametutazama tukiwa tumesafishwa, wakajipima, wakaona hawatoshi. Tumezunguka tukitafuta mifano ya kuwapa, tumeleta wahubiri kutoka mbali, tumeweka mikutano yenye spika za kutikisa mabati. Na mfano waliouhitaji ulikuwa umekaa benchi la mbele, umevaa suti, umefuta kila kitu.

Nimesema sitapiga kelele, na nimeanza. Nisameheni.

Leo ni Jumapili ya kwanza. Kwenye ratiba, baada ya neno ni ushuhuda. Sitaki mtu aje hapa na mwisho mzuri. Ukiwa nao, mshukuru Mungu nyumbani. Nataka mmoja tu, mmoja, aje na mstari alioufuta. Atuambie alipokosea na akakosea tena, na ajue kwamba hatatoka hapa akitazamwa vibaya, maana mtu atakayemtazama vibaya nitaongea naye mimi.

Mpiga kinanda, acha kwanza. Kipaza sauti kiko hapa, nimekiweka mezani.

Nitaketi. Nitasubiri. Na yule wa karibu na mlango, mwanangu, tafadhali subiri na wewe.