Kikaango cha Bibi Eulalia

Paukwa!
Pakawa!
Anayesinzia, hadithi itampita.

Hapo zamani za kale, kusini kabisa mwa Ulaya, kwenye jua la kuchoma mawe, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mizeituni. Bibi Eulalia ndiye aliyewapikia wavunaji. Alikuwa mkali, na maneno mengi hakuyapenda.

Siku moja alikuwa anakoroga kikaango. Koroga, koroga. Mkate mkavu, kitunguu saumu, pilipili, mafuta ya zeituni. Kikaango chenyewe kipana kama gurudumu la mkokoteni. Mara akaja Pilar, mke wa mvunaji Cosme, anahema.

"Bibi! Cosme na mdogo wake Fermín wamekamatana mashati! Wanagombea ule mzeituni wa mpakani."

"Nani kaumia?"

"Hakuna. Ila Cosme amesema hatakula tena na Fermín. Leo tunakula kivyetu. Kikaango nimekuja nacho."

"Nimekiona. Umekificha nyuma ya gauni, kimetokeza huku na huku."

Sasa sikilizeni. Kule watu walikula kwenye kikaango kimoja, wamesimama duara. Unachota kijiko kimoja, unarudi nyuma hatua moja, mwenzako anasogea. Kijiko, nyuma! Kijiko, nyuma! Asiyekuwepo, pengo lake lilionekana.

"Mkigawanyika, nitajuaje nani hajarudi?" Bibi Eulalia aliuliza.

"Sisi watu wazima, Bibi. Hatuhesabiwi kama mbuzi."

Bibi akampakulia. Hakubembeleza mtu.

Jioni ukungu ukashuka kilimani. Wavunaji wakarudi. Wengine kwa Cosme, wengine kwa Fermín, wamepeana migongo. Huku kijiko, nyuma! Kule kijiko, nyuma!

Bibi akatazama huku, akatazama kule. "Casilda yuko wapi?"

Casilda alikuwa dada yao. Siku hiyo alikuwa amewavunia kaka zake wote wawili.

"Yuko kwa Fermín," alisema Cosme bila kugeuka.

"Kwangu? Si anakula kwako, bwana miti?"

Vijiko vikasimama hewani.

"Basi hayupo," alisema Bibi Eulalia. Akachukua vikaango vyote viwili, akamimina chakula kwenye kimoja, akafunika. Kile kitupu akampa Cosme. Naye Fermín akapewa sufuria. "Pigeni, awasikie. Chakula hakiguswi mpaka arudi."

Wakapanda kilima wakivigonga. Ng'aa! Ng'aa! "Casilda ee!" Kimya. Ng'aa! Ng'aa! "Casilda ee!"

"Huku!"

Sauti ilitoka kwenye mzeituni wa mpakani. Ukuta wa mawe ulikuwa umeporomoka, na Casilda alikaa chini, mguu umebanwa na jiwe kubwa. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi kwa baridi.

"Nilikuwa napanga mawe mliyoyaangusha asubuhi mkikamatana," alisema. "Mmeshakula?"

"Kidogo tu," alijibu Fermín.

"Mbwa nyie."

Cosme akajaribu kuinua jiwe, likamshinda. Fermín akashika upande wa pili. Wakainua pamoja. Mguu ukatoka, umevimba, haukuvunjika. Wakambeba, mmoja huku, mmoja kule.

Bibi Eulalia alikuwa amepasha moto kikaango kikubwa. Casilda akakalishwa juu ya kreti, wengine wakasimama duara. Bibi akanyoosha mwiko, akawahesabu mmoja mmoja, kama mbuzi.

"Wote mpo," alisema Bibi.

"Na ule mzeituni ni wa nani?" Cosme aliuliza.

"Kesho. Chota."

Kijiko, nyuma! Kijiko, nyuma!

Bibi Eulalia alishakufa, siku nyingi. Watu wa kijiji kile bado wanagombania miti, lakini ugomvi wanauacha shambani. Nanyi gombaneni, siwezi kuwazuia. Ila saa ya kula kila mtu aonekane, hata mliyemnunia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimewatazama, wote mpo. Haya, kuleni.