Gauni la Njiwa Waliopinduka

Leo nawapa fundo. Mwenye meno alifungue, asiye na meno asiitukane kamba.

Korogwe, karibu na reli, palikuwa na nyumba yenye wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na lake alilojaliwa.

Sikudhani alijaliwa mikono. Nguo za mle ndani alizishona yeye: magauni ya kufagilia, sketi za shamba, foronya, hata suruali ya kulalia ya kaka yake.

Mwanaidi, mke wa huyo kaka, alijaliwa umbo. Ungemvika gunia la mkaa, watu wangemuuliza fundi wake ni nani.

Shangazi yao, Bi Mwanamkuu, alijaliwa jicho. Miguu ilikuwa imekwisha kumgomea, hivyo alishinda mlangoni pa chumba chake akichambua mchele, lakini kuku wa jirani hakuvuka ua ule bila yeye kumwona.

Sasa, mikono Sikudhani alikuwa nayo, ila cherehani hakuwa nayo. Alishonea ya Mama Shukuru, jirani wa ukuta kwa ukuta, na Mama Shukuru alikuwa anahamia Handeni kwa mwanawe. Cherehani yake angeondoka nayo. Siku aliyopata habari hiyo Sikudhani hakulia, ila chai ya jioni aliitia chumvi, na watu wakainywa wasiseme neno.

Ndipo duka moja la vitambaa likatangaza shindano. Watu walete picha ya nguo ya kila siku waliyojishonea nyumbani, si ya harusi wala ya sikukuu. Mshindi angepewa cherehani mpya, ile ya kukanyaga kwa miguu.

Mwanaidi akaingia chumbani kwake, akatoka na kitenge alicholetewa na mama yake, chenye njiwa wekundu waliosimama. Hakuwahi kukivaa.

"Wifi, chukua hiki," alisema. "Lakini ukikiharibu, tutaonana wabaya."

Sikudhani alikata kama alivyofunzwa na marehemu mama yake. Alikunja kitambaa, akaliweka kunjo mabegani, akatoboa shingo, akashona ubavuni. Kwao gauni la kazi halina mshono begani, maana begani ndipo panapofumuka kwanza mtu akibeba ndoo. Tatizo ni kwamba siku zote alikata vitambaa vya maua na madoadoa, visivyo na kichwa wala miguu, na njiwa wana vyote viwili. Kifuani walisimama vizuri. Mgongoni, upande wa pili wa kunjo, walining'inia vichwa chini miguu juu.

Mwanaidi alilivaa, akageuza shingo mbele ya kioo.

"Wifi, hawa wa mgongoni wamekufa?"

Aibu ilimpanda Sikudhani mpaka masikioni. "Nimekukosea. Nisamehe, wifi yangu."

Mwanaidi akageukia tena kioo. Angeweza kulivua akalifanya tambara la kudekia, na hakuna ambaye angemlaumu. Akalishusha vizuri kiunoni.

"Basi. La kufagilia haliendi ikulu. Nani atanitazama mgongo?"

Ikabaki picha. Simu yenye kamera ya maana ilikuwa moja tu, ya Bi Mwanamkuu, aliyonunuliwa na mwanawe. Walianza kwa kulitundika gauni kwenye kamba, likaonekana ni nguo inayokauka. Mwanaidi akalivaa, akasimama ukutani mikono ubavuni kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Sikudhani akamwambia shangazi yake apige gauni, si mtu, na bibi wa watu akatii: akatoa picha nne nzuri za gauni lisilo na kichwa.

"Tabasamu, wifi," Sikudhani akasema.

"Nitabasamu na nini, kichwa mmenikata?"

Wakarudia mpaka jua likawa kali. Hatimaye Mwanaidi akachoka.

"Mimi nimesimama vya kutosha. Uwanja haujifagii."

Akachukua ufagio wa chelewa na gauni lile lile mwilini, akainama, akaanza kufagia kuja upande wa mlango wa shangazi. Unajua ufagio ule, hauna mpini. Lazima uiname mpaka mabega yawe chini ya kiuno. Sikudhani alikuwa amekaa pembeni, ameshika tama, akiwaza cherehani ya Mama Shukuru inavyofungwa kamba.

Bi Mwanamkuu hakuwaza. Alikuwa anatazama. Akaweka ungo chini, akainua simu, akabonyeza mara moja.

Wote watatu wakaiinamia ile picha. Mwanaidi ameinama, vumbi limetimka, na mgongo mzima umejaa njiwa waliosimama wima. Gauni lililopinduka lilikuwa limepata mtu wa kulipindua tena.

Ikashinda. Mwenye duka aliwaambia, "Tumeletewa picha nyingi za watu waliosimama kama wanangoja kupimwa urefu. Hii peke yake ndiyo nguo iliyo kazini. Na hao njiwa, fundi aliwaza nini?"

Sikudhani alitaka kusema hakuwaza kitu. Akasema ahsante.

Cherehani ikaletwa na mkokoteni, ikashushwa katikati ya ua. Wingu lilikuwa limetanda juu ya milima ya Usambara.

"Mvua hiyo," alisema mwenye mkokoteni. "Niingize chumba kipi?"

Hapo ndipo walipotazamana.

"Changu," alisema Sikudhani. "Nguo nimeshona mimi. Bila gauni mngepiga picha ya nini? Na Mama Shukuru anaondoka Jumamosi. Bila cherehani, mimi ni nani humu ndani?"

"Umeshona na kosa, wifi, sisemi kwa ubaya," Mwanaidi akajibu. "Na kosa nimelibeba mimi mgongoni. Kitenge changu, mwili wangu. Ningesimama kama mlivyotaka, tungepata nini? Mume wangu, kaka yako huyo, anajenga Segera. Tutahama, nami nataka nijue kushona, nisikupigie simu kwa kila pindo."

Bi Mwanamkuu alichambua mchele kidogo kwanza.

"Mmoja alikosea," alisema. "Mwingine alikuwa anafagia zake. Aliyeona ni mimi."

"Shangazi, wewe kushona hujui," Sikudhani alisema taratibu. "Na hii ni ya kukanyaga."

"Sijui, na miguu sina. Lakini ikikaa chumbani kwangu, mtakuja. Sasa hivi mnanipita hapa mlangoni na shikamoo tu, mnakwenda zenu."

Uchungu ulimshika Sikudhani, kwa kuwa ilikuwa kweli. Hata asubuhi ile alikuwa amempita. Lakini alijua pia kwamba shangazi yake hufunga mlango mara tu baada ya sala ya isha, na yeye Sikudhani hapati nafasi ya kushona ila kazi za nyumba zikiisha, saa hiyo hiyo. Cherehani ikiingia kule, atakuwa anaisikia imekaa kimya nyuma ya mlango. Ikiingia kwa Mwanaidi, itakwenda Segera. Ikiingia kwake, atashona mpaka mikono ichoke, na shangazi ataendelea kupewa shikamoo.

"Mama zangu," mwenye mkokoteni akasema, "chuma hiki kikilowa ni kutu."

Tone la kwanza likaanguka juu ya meza ya cherehani. Sikudhani akalifuta kwa upindo wa khanga yake, na mkono wake ukabaki pale pale juu ya mbao.

Milango mitatu iko wazi na mvua haingoji mtu. Gauni alishona mmoja, kosa alilibeba mwingine, jicho lilikuwa la wa tatu. Je, wewe unayesikiliza, ungemwambia mwenye mkokoteni aingize mlango upi? Na hao wawili watakaobaki uani na mvua, ungewatazama usoni ukawaambia nini?